Hapa pa nani? Kisa cha zana ya ufuatiliaji iliyokosa programu iliyo jirani yake

"Programu iko hapa, mwanangu. Mimi naitumia. Hicho chako ndicho kisichoiona."

Karani aliniambia hivyo Jumatano asubuhi, mkono mmoja kwenye kibodi na mwingine ukigeuza kurasa za daftari lake. Ni mama wa makamo, mwenyeji wa Langoni, na kwa miaka kadhaa yeye ndiye anayeandika kila kilo ya samaki inayopita mizani ya bohari moja ya samaki ya Lamu. Nilimjibu kwa heshima, "Nimekusikia, mama," kisha nikaendelea na dhana zangu. Kama ningeyapima maneno yake, nisingelala Lamu usiku wa pili.

Nilikuwa nimetoka Malindi siku iliyotangulia, kwa basi hadi Mokowe na kutoka hapo kwa boti. Nilichoitiwa kilielezwa kwa sentensi moja: programu ya mizani inazidi kuwa nzito kila alasiri. Asubuhi inakwenda vizuri. Ikifika saa tisa, karani anaandika uzito, anabonyeza, na skrini inaganda kwa nusu dakika au zaidi. Kwenye msimu wa kaskazi hilo si jambo dogo. Mashua zinarudi kwa pamoja, wavuvi wanapanga foleni na matenga ya changu na tafi, barafu inayeyuka, na kila mmoja anataka karatasi yake ya malipo kabla ya magharibi. Samaki aliyesubiri juani hushuka daraja, na anayepata hasara ni mvuvi aliyeamka alfajiri. Ndiyo maana kazi hii sikuichukulia kama hitilafu ya ofisini tu.

Programu yenyewe imeandikwa kwa lugha ya Java, toleo la 8, na inakaa kwenye seva ndogo ya Linux iliyowekwa chumba cha ndani, nyuma ya ukuta mnene wa matumbawe. Ugonjwa wa aina hii, asubuhi mzima na jioni hoi, mara nyingi ni wa kumbukumbu: programu inakusanya vitu ambavyo haiviachi, nafasi inajaa, na mashine pepe ya Java, yaani injini inayoiendesha programu, inabaki kufagia kumbukumbu badala ya kufanya kazi. Lakini dhana haitibu mtu. Nilitaka kuona. Nikaunganisha skrini kwenye seva, nikafungua VisualVM, zana ya kufuatilia programu za Java, na nikatazama orodha ya programu za Java zinazoendeshwa hapo hapo kwenye mashine.

Orodha ilikuwa na jina moja tu: VisualVM yenyewe.

Nikaandika amri ya jps, ambayo kazi yake ni kutaja michakato yote ya Java, yaani programu za Java zilizo kazini. Ikajitaja yenyewe na VisualVM, basi. Nikaandika ps, inayotaja michakato ya mashine nzima, na hapo mchakato wa programu ya mizani ukaonekana waziwazi, namba yake 1874, unaendeshwa na akaunti inayoitwa mizani. Kwa hiyo kwenye mashine moja, kwa wakati mmoja, chombo kimoja kinasema programu ipo na kingine kinasema haipo. Na karani pembeni yangu anaitumia.

Kabla ya kusonga mbele, ni lazima nieleze zana hii inaionaje programu, maana kisa chote kimekaa hapo. Wengi tunadhani inauliza mfumo: nipe michakato yote ya Java. Sivyo. Kila mashine pepe ya Java inapoanza, hutengeneza faili dogo la takwimu zake, kwa kawaida kilobaiti 32, ndani ya folda ya /tmp, ile ya mafaili ya muda. Folda hiyo ya ndani huitwa hsperfdata_ ikifuatiwa na jina la akaunti, na faili hupewa jina la namba ya mchakato. jps na VisualVM za Java 8 huenda kwenye /tmp, hutazama folda hizo, na kusoma majina. Faili lisipoonekana, kwao programu haijazaliwa. Hata hatua inayofuata, ile ya kushikana na programu ili kuiuliza maswali ya ndani, hupitia soketi, mlango wa mazungumzo kati ya programu, inayofunguliwa humo humo /tmp, kwa jina la .java_pid na namba ya mchakato. Kwa maneno mengine, mazungumzo yao yote hufanyika kwenye baraza moja. Asiyefika barazani hajulikani.

Dhana yangu ya kwanza ilikuwa ya akaunti, na ilikuwa sahihi nusu. Mimi nilikuwa nimeingia kwa akaunti yangu, programu inaendeshwa na akaunti ya mizani. Java hairuhusu mtu wa akaunti nyingine kushikana na mchakato usio wake, na takwimu za mwenzako huwezi kuzisoma. Nikabadilisha, nikaendesha jps kama mizani. Bado tupu. Hapo ndipo nilipofungua /tmp kwa macho yangu mwenyewe na kukuta kwamba folda ya hsperfdata_mizani haipo kabisa. Kulikuwa na yangu, na hakukuwa na nyingine.

Sasa mambo mawili yanaweza kuleta hali hiyo na kila fundi wa Java anayajua. La kwanza ni mtu kuwa ameizuia programu kwa makusudi isiandike faili lile, kwa kuweka -XX:+PerfDisableSharedMem kwenye amri ya kuianzisha. Hili nililikanusha kwa dakika moja: ps inaonyesha amri nzima, na neno hilo halikuwemo. La pili ni usafi wa /tmp. Mifumo mingi ya Linux hufagia folda hiyo kila baada ya siku kadhaa, na programu iliyokaa hewani wiki tatu bila kuzimwa inaweza kufagiliwa faili lake huku yenyewe ikiendelea kuishi. Programu ile ilikuwa na siku ishirini na mbili. Nikasema, nimekupata.

Na hapa nilikosea. Ili kuthibitisha dhana ya ufagio, nilimwomba karani tuizime programu na kuiwasha tena, faili liandikwe upya. Ilikuwa saa sita mchana. Alikubali kwa upole, akaandika kwa mkono uzito wa mashua mbili zilizokuwa mizanini. Programu ikawaka. Nikaangalia /tmp. Folda haipo.

Nilipoteza vitu viwili kwa wakati mmoja. Nilimsumbua mama wa watu kazini bure, na nilifuta ushahidi, kwa sababu kumbukumbu iliyokuwa imejaa ilikuwa imesafishwa kwa kule kuwasha upya. Alasiri ile programu ilikwenda kama maji. Karani alifurahi na kunishukuru, nami nikalazimika kumwambia ukweli kwamba sijaponya kitu. Laiti ningeuliza swali moja kabla ya kuigusa: je, mchakato huu wenyewe, ukitazama /tmp, unaona nini?

Swali hilo Linux inalijibu bila kuzima chochote. Kila mchakato una folda yake chini ya /proc, na ndani yake kuna njia inayoitwa root, ambayo ni dunia ya mafaili kama mchakato huo unavyoiona. Programu ilikuwa imepata namba mpya, 3120. Nikaingia kama msimamizi mkuu nikaandika:

ls /proc/3120/root/tmp

Likatoka jina moja: hsperfdata_mizani. Na ndani yake, faili la 3120.

Niliketi kidogo. Faili lilikuwepo muda wote. Programu ilikuwa imefanya kila inachotakiwa kufanya, imeandika jina lake barazani kama desturi, isipokuwa baraza lenyewe lilikuwa lingine. Nikaomba systemd, ambayo ndiyo inayoiwasha programu kama huduma, inionyeshe mpangilio wake, na jibu likawa fupi: PrivateTmp=yes. Maana yake ni kwamba huduma ile hupewa /tmp yake peke yake, iliyotengwa na ya mashine nzima. Kwenye diski, folda hiyo hukaa ndani ya /tmp ya kweli chini ya jina refu linaloanza na systemd-private, lakini programu haijui hilo. Yenyewe ikisema "/tmp", inamaanisha pale. Mimi nikisema "/tmp", ninamaanisha hapa. Na huduma ikizimwa, vyote vilivyomo kwenye /tmp yake hufutwa.

Ndipo maneno ya karani yaliponirudia. Programu iko hapa. Ndiyo, lakini hapa pa nani? Mtu akikupigia simu kutoka ufukweni Shela akakwambia "niko hapa," wewe uliyeko Mkomani huwezi kutoka nje na kumtafuta barazani kwako. Neno ni lile lile, mahali ni pawili. Nilikuwa nimehesabu kwamba mashine moja ina hapa moja. Haina. Kila mchakato unaweza kuwa na hapa pake, na zana ya ufuatiliaji huangalia pake tu.

Wapo watakaoshauri kubadilisha java.io.tmpdir, mpangilio unaoiambia Java folda yake ya muda, ili programu na zana zielekezwe folda moja. Ushauri huo unazunguka sana, na kwenye Linux haufai kitu kwa jambo hili: faili la takwimu huandikwa /tmp moja kwa moja, bila kujali mpangilio huo. Nimewaona watu wakipoteza jioni nzima juu yake. Wengine watasema ondoa PrivateTmp, yaishe. Hilo lingefanya kazi, lakini mimi silipendi. Fundi aliyenitangulia aliiweka kwa sababu nzuri. Programu ikivamiwa, mvamizi hapati njia ya kuchezea mafaili ya muda ya huduma nyingine. Siwezi kubomoa ukuta wa mwenzangu kwa sababu tu sikuuona mlango.

Na mlango upo. Amri ya nsenter inamruhusu msimamizi mkuu kuingia kwenye dunia ya mafaili ya mchakato mwingine na kuendesha amri akiwa humo. Alhamisi saa nane mchana, mashua za kwanza zilipoanza kuonekana, niliandika:

nsenter -t 3120 -m su -s /bin/bash mizani -c 'jstat -gcutil 3120 5000'

Herufi -m ndiyo inayosema: nipeleke kwenye mafaili yake. Sehemu ya su inanivua umsimamizi na kunivika akaunti ya mizani. Na jstat inasoma takwimu za kumbukumbu kila baada ya milisekunde 5000. Namba zikaanza kutiririka, na kwa mara ya kwanza niliiona programu ikiishi.

Kwa bahati njema kwangu, ugonjwa haukuhitaji siku ishirini na mbili. Safu inayoitwa O, ambayo ni sehemu ya vitu vikongwe kwenye kumbukumbu, ilikuwa inapanda kidogo kidogo kila mashua moja inapopimwa, na haishuki. Kufika saa kumi ilikuwa imepita asilimia 99. Safu ya FGC, inayohesabu fagio kubwa, ikawa inaongezeka kwenye kila mstari, na kila ilipoongezeka, karani aliinua mikono kutoka kwenye kibodi na kungoja. Tulikuwa chumba hiki na kile, mlango wazi kati yetu. Nilianza kumwambia kabla haijaganda: "Mama, sasa." Naye anajibu, "Ndiyo, imekaa." Tulifanya hivyo mara tano au sita, mpaka wavuvi waliokuwa dirishani wakaanza kusikiliza nao.

Nikatumia jcmd, amri ya kuiuliza programu ya Java mambo ya ndani, kwa njia ile ile ya nsenter kuomba hesabu ya vitu vilivyomo kwa aina. Juu kabisa ya orodha zilikaa rekodi za upimaji, kila moja na maandishi yake: ripoti ya siku ilikuwa inaziweka zote kwenye orodha moja na haikuwa inaiachia baada ya kuchapishwa, hadi siku mpya ianze. Tena amri ya kuwashia programu iliiwekea kikomo cha megabaiti 256, kwenye mashine yenye gigabaiti 4. Nikaongeza kikomo jioni ile baada ya kufunga, ili watu wapate nafuu, na nikamwandikia mtengenezaji wa programu kuhusu orodha isiyoachiwa. Hilo ni la kwake kurekebisha. Kilichonihusu mimi ni kwamba siku nyingine niweze kuona bila kupanda basi.

Kuona kutoka mbali ni shughuli nyingine, na ndiko nilikonaswa mara ya pili kwa kosa lile lile, ingawa nilijiona nimeshahitimu.

Njia ya Java ya kufuatiliwa kwa mtandao inaitwa JMX. Ijumaa, baada ya sala na kabla mashua hazijarudi, nikaongeza kwenye amri ya kuwashia programu poti (mlango wa mtandao wenye namba) 9010 kwa com.sun.management.jmxremote.port, na poti hiyo hiyo kwa jmxremote.rmi.port. Ya pili watu huisahau, na wakiisahau Java hujichagulia poti yoyote kila inapowaka, kwa hiyo hakuna fayawoli, yaani mlinzi wa mtandao, wala handaki linaloweza kuitegemea. Nikaweka na nenosiri. JMX isiyo na nenosiri ni mlango ambao mtu anaweza kuingizia programu yake na kuiendesha ndani ya yako. Hata kwenye seva ya chumba cha ndani siikubali. Hapo programu ikagoma kuwaka, kwa haki kabisa: Java hukataa faili la nenosiri ambalo akaunti nyingine zinaweza kulisoma. Nikalikabidhi kwa akaunti ya mizani, ruhusa 600, yaani mwenyewe tu ndiye anayelisoma na kuliandika, ikawaka. Nikaifunga poti 9010 kwenye fayawoli isifikike kutoka nje. Nikajaribu kutoka kwenye seva yenyewe, VisualVM ikaunganika, michoro ikachora. Jumamosi nikavuka kurudi.

Jumapili nikiwa nyumbani Malindi nilifungua handaki la ssh, njia iliyofungwa kwa siri kupita mtandaoni: poti 9010 ya laptopu yangu ikapelekwa hadi 127.0.0.1 poti 9010 ya seva. Nikaielekeza VisualVM kwenye handaki. Ikafikiria, ikakataa. Ujumbe ulisema muunganisho umekataliwa kwenye 127.0.1.1.

Siyo 127.0.0.1 niliyoiandika mimi. 127.0.1.1.

JMX huzungumza kwa hatua mbili. Kwanza unabisha hodi kwenye daftari la anwani, na daftari linakwambia kitu unachokitafuta kinapatikana wapi. Kisha unakwenda huko. Hodi yangu ilipita handakini vizuri na kufika Lamu. Seva ikajiuliza jina lake ni nani, ikasoma faili la /etc/hosts, linalooanisha majina na anwani, na kwa desturi ya Debian na Ubuntu, aina za Linux, jina la mashine limeandikwa pale mbele ya 127.0.1.1. Ikanijibu: niko 127.0.1.1. Anwani zote zinazoanza na 127 maana yake ni mashine hii hii. Kwa hiyo laptopu yangu ilipopewa jibu hilo haikurudi Lamu. Ilijigeukia yenyewe, ikabisha mlango wa 127.0.1.1 hapo Malindi, ambako handaki langu halikuwa likisikiliza, ikakataliwa. Ijumaa nilifaulu kwa sababu moja tu: nilikuwa nimekaa kwenye mashine ile ile, na hapa pake palikuwa hapa pangu.

Dawa ni mstari mmoja, -Djava.rmi.server.hostname=127.0.0.1. Unaiambia programu: ukiulizwa uliko, taja 127.0.0.1. Laptopu ikipewa jibu hilo itajigeukia vile vile, ila safari hii itakuta mdomo wa handaki unangoja, nao utaipeleka Lamu. Nasisitiza kwamba mpangilio huu hautengi poti. Unabadilisha jina linalotangazwa tu. Nilipotazama kwa amri ya ss, inayoorodhesha poti zilizo wazi, Java ilikuwa bado inasikiliza kwenye anwani zote za mashine, na kinachozuia wageni ni fayawoli na nenosiri. Nimekuta seva ambazo wenyewe wanaamini zimefungwa kwa sababu ya mstari ule, na poti iko wazi kwa mtandao mzima.

Nilimpigia karani kuomba ruhusa ya kuwasha upya usiku.

"Baada ya isha hapana mtu," alisema. "Fanya. Lakini kesho nikiikuta imelala, nitakuita urudi na boti ya kwanza."

Saa tatu usiku nikaongeza mstari, nikaiwasha, nikafungua handaki. VisualVM ikaingia. Mstari wa kumbukumbu ukachora chini kabisa, tulivu, bohari ikiwa imefungwa.

Jumatatu saa kumi alasiri nilikuwa na dirisha hilo wazi mezani. Mstari ulikuwa unapanda kwa kila mashua, maana orodha ya ripoti bado haijaachiwa, lakini ulikuwa na nafasi ya kutosha kufika magharibi. Nikampigia kumuuliza hali. Nilisikia matenga yakiburutwa sakafuni na mtu akitaja kilo.

"Haijakaa yeo," alisema. "Wewe unaiona huko?"

Nikamwambia, "Naiona, mama."